Shajara ya mradi: methilini bluu ndani ya maji na ndani ya spiriti

Methilini bluu, rangi ya kemikali, ipo karibu kila maabara ya shule na ya hospitali. Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876 akiwa katika kampuni ya kemikali ya BASF, Ujerumani, na mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann wakaijaribu kwa wagonjwa wa malaria. Hapa naifuatilia kwa tabia yake nyingine. Molekuli yake ni bapa na ina chaji chanya, na ikiwa ndani ya maji hulaliana na mwenzake uso kwa uso. Mbili zilizolaliana hufyonza mwanga tofauti na ile iliyo pweke. Ukiiyeyusha kwenye ethanoli, ukolezi uleule, kulaliana kunakaribia kwisha. Nilitaka kuona jambo hili kwa vifaa ambavyo mwalimu wa sekondari anaweza kuvipata bila kuandika maombi ya bajeti.

Hatua za kawaida nimezipitia haraka. Palipoharibika nimekaa zaidi, kwa sababu ndipo wewe utakapokwama.

7 Juni 2025: ninachotafuta

Ndani ya maji, molekuli pweke ina kilele cha ufyonzaji kwenye nm (nanomita) 664, huo ukiwa urefu wa wimbi la mwanga. Pacha, yaani molekuli mbili zilizoshikana, wana kilele karibu na nm 610. Nadharia inayoeleza tofauti hiyo imeshikamana na jina la mwanakemia Michael Kasha: molekuli mbili zikikaa uso kwa uso, mitikisiko ya elektroni zao huathiriana, na hali pekee inayoruhusiwa kupokea mwanga hupanda juu kinishati. Nishati ikipanda, urefu wa wimbi hupungua. Vishada vya namna hiyo huitwa vya aina ya H. Molekuli zikijipanga kwa kuteleza, kichwa cha moja kikielekea mkiani mwa nyingine, kilele huhamia upande wa wekundu na kuwa chembamba sana. Hiyo ni aina ya J, herufi ya Edwin Jelley wa Uingereza, aliyeiona katikati ya miaka ya 1930, wakati uleule ambapo Günter Scheibe aliiona Ujerumani. Rangi yao ilikuwa pseudo-isosayanini. Ikiwa pweke hufyonza karibu na nm 525, na kishada chake hutoa mstari mkali karibu na nm 573. Rangi hiyo sikuipata dukani, kwa hiyo mradi huu unabaki na H.

Ukolezi ndio unaoamua. Nikichukua kwa mfano kigezo cha kuungana cha 4,000 kwa mol/L (thamani zilizochapishwa hutofautiana, nyingine ni nusu ya hapo), basi kwenye mikromoli 10 kwa lita ni asilimia kama 7 tu ya molekuli zilizo katika pacha. Kwenye mikromoli 100 ni asilimia 34. Kwenye milimoli 1 ni asilimia 70.

Hapo ndipo penye mtego. Ukizimua mara kumi, rangi inafifia mara kumi, na jicho haliwezi kusema ni nini kimebadilika zaidi ya kufifia. Dawa yake ni ya siku nyingi: ukizimua mara kumi, refusha njia ya mwanga mara kumi. Zao la ukolezi na urefu wa njia likibaki palepale, mwanga unakutana na idadi ileile ya molekuli. Umbo la spektra (mchoro wa ufyonzaji kwa kila urefu wa wimbi) likibadilika hata hivyo, molekuli zenyewe ndizo zilizobadili mpangilio. Lisipobadilika, ulichokiona kilikuwa kitu kingine. Mradi wote umesimama juu ya kanuni hii.

15 Juni: kisanduku

Kadibodi ya viatu, nyembe mbili zilizokaribiana kuwa mwanya, kipande cha DVD, na simu. DVD ina mistari iliyoachana nm 740, ndiyo inayoutawanya mwanga. Pasua diski katikati ya unene wake utumie upande ulio wazi, usio na bati. Diski za kurekodia zina tabaka la rangi ya zambarau ndani yake, nalo pia linafyonza mwanga, kwa hiyo lisugue kwa pamba yenye spiriti hadi plastiki ing'ae.

Taa ilinipa shida zaidi. Nilianza na tochi ya LED nyeupe. Buluu na kijani vilitoka vizuri, lakini kufika nm 650 mwanga ulikuwa umekwisha, na kilele ninachokitafuta kiko nm 664. Kichujio kilicho mbele ya kamera ya simu nacho kinakata wekundu wa mwisho, hivyo hasara ni mbili kwa pamoja. Balbu ya halojeni ya pikipiki, volti 12, Sh 3,000, ilimaliza tatizo.

Kujua pikseli ipi ni nanomita ngapi: balbu ya zamani ya kuokoa umeme ina mistari ya zebaki kwenye nm 435.8 na 546.1. Kwa upande wa wekundu nimetumia kile kitaa cha rangi ya chungwa kwenye swichi ya ekstensheni, ambacho mara nyingi ni neoni. Mistari yake ya 585.2, 640.2 na 703.2 inaonekana wazi. Usifungue ekstensheni, isogeze tu karibu na mwanya.

22 Juni: simu inadanganya

Kabla ya kuiamini, niliipima kwa potasiamu pamanganeti, ambayo haina mambo ya kulaliana: ukolezi ukiwa maradufu, ufyonzaji nao unakuwa maradufu. Simu ilitoa ufyonzaji chini ya nusu ya uliotarajiwa, tena mstari ukapinda. Sababu ni kwamba picha ya kawaida ya simu imeshachakatwa ili ipendeze machoni: penye giza panainuliwa, penye mwanga panashushwa, na rangi nyeupe inarekebishwa kila picha kivyake.

Suluhisho ni kupiga picha ghafi kwa programu ya kamera inayoruhusu kufunga kila kitu kwa mkono (muda, wepesi wa kihisi, rangi nyeupe), kisha kutoa thamani ya giza kabla ya kugawanya. Baada ya hapo pamanganeti ilinyooka. Kama simu yako haitoi picha ghafi, azima nyingine. Hakuna hesabu ya kuokoa picha iliyokwisha kupambwa.

6 Julai: mmumunyo mama na vyumba vya kioo

Unga wa methilini bluu yenye maji matatu ya fuwele una uzito wa molekuli 373.9. Gramu 0.19 kwenye nusu lita ya maji inatoa takriban milimoli 1 kwa lita. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha, ila kumbuka kosa lake ni kama asilimia 5. Maji ni yale ya betri yaliyosafishwa, siyo asidi ya betri. Soma chupa, maana dukani vyote hukaa rafu moja.

Usionje wala kunywa. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi pwani yetu, wanaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu kwa dawa hii.

Vyumba vya kupimia:

Sm 1: kuveti (kichupa cha kupimia chenye kuta bapa) ya plastiki, kwa mikromoli 10.
Mm 1: slaidi mbili za hadubini zilizotenganishwa na vipande vya slaidi ya tatu, kwa mikromoli 100.
Mm 0.15 hivi: slaidi mbili zilizotenganishwa na vioo vyembamba vya kufunikia, kwa mikromoli 700.

Nilikusudia kushuka hadi mikromoli 1 kwa bomba la sm 10. Haikufaa. Methilini bluu inanata kwenye kioo kwa sababu kioo kina chaji hasi, na kwenye mmumunyo hafifu hivyo kiasi kinachokwenda ukutani si kidogo. Rangi ilikuwa inapungua nikiitazama. Chupa na sindano za plastiki zimepunguza tatizo, pamoja na desturi ya kusuuza chombo kwa mmumunyo wenyewe na kuumwaga kabla ya kujaza. Mikromoli 1 nimeiacha. Pale kwenye 10 pacha ni wachache kiasi cha kutosha kulinganisha.

Kuveti za plastiki usizioshe kwa asetoni. Yangu moja sasa ni kipande cha plastiki iliyopinda.

13 Julai: maji peke yake, na joto lililoingia bila kualikwa

Napima uwiano wa ufyonzaji wa nm 610 kwa ule wa nm 664. Usomaji wa kwanza wa mikromoli 100 ulikuwa karibu 0.8, kisha ukashuka picha hadi picha bila mimi kugusa kitu. Halafu nta ya mshumaa niliyozibia slaidi ikaanza kuvuja, na hapo mhalifu akajulikana: balbu ya halojeni ilikuwa inapasha sampuli. Pacha huachana joto likipanda, kwa hiyo uwiano ulikuwa unanieleza habari za balbu.

Nimeweka glasi ya maji yenye kuta bapa kati ya balbu na mwanya ili inywe joto, na kipande cha kadibodi cha kufungua kwa muda wa picha tu. Nta nimeiacha, nazibia kwa gundi ya silikoni iliyokauka usiku kucha.

Matokeo baada ya kutulia, zao la ukolezi na njia likiwa karibu sawa kote:

Mikromoli 10: uwiano kama 0.5.
Mikromoli 100: kama 0.8.
Mikromoli 700: kama 1.4. Bega la nm 610, yaani kile kivimbe kilichokuwa ubavuni mwa kilele, limekuwa ndilo kilele, na ukitazama kwa jicho bluu imeegemea zambarau.

Angalia ile 0.5. Hata pacha wakiwa karibu kwisha, bega halifiki sifuri. Molekuli pweke ina bega lake hapohapo, linalotokana na mitetemo ya mifupa yake. Anayesema "nimeona bega, kwa hiyo kuna vishada" amesema upesi mno. Kinachohesabika ni sehemu ya bega inayoondoka ukizimua.

27 Julai: spiriti ya zambarau

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pote. Nilinunua spiriti ya duka la dawa, nikayeyusha methilini bluu, nikalinganisha na picha ya maji matupu. Uwiano ulipanda! Kwa macho ya haraka, ethanoli ilikuwa inazilalisha molekuli kuliko maji, kinyume cha kila kilichojulikana tangu Rabinowitch na Epstein waandike kuhusu rangi hii mwaka 1941.

Jibu lilikuwa ndani ya chupa. Spiriti ile imetiwa rangi ya zambarau ili watu wasiinywe, na rangi hiyo inafyonza karibu na pale ninapowatafuta pacha.

Jaribio la kwanza la kurekebisha: kutumia spiriti yenyewe, bila methilini bluu, kama kipimo tupu cha kulinganishia. Kihesabu ni sahihi, ila mwanga uliobaki eneo hilo ulikuwa mdogo na namba zikawa zinayumba. Tena nilipoichanganya na maji ilitoka ukungu, kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo.

La pili: kuisafisha kwa mkaa amilifu uliosagwa. Zambarau iliondoka kabisa, nikafurahi. Kisha nikatia methilini bluu, nayo ikaanza kuondoka. Vumbi laini la mkaa lilikuwa limepenya karatasi ya kuchujia, na mkaa amilifu hupimwa ubora wake kwa methilini bluu hiyohiyo. Kuchuja mara mbili na kuacha litulie kulisaidia nusunusu.

Kunereka spiriti sijajaribu na sikushauri: mvuke wake na jiko la mkaa havikai chumba kimoja.

Mwishowe nimenunua ethanoli safi ya maabara, nusu lita, Sh 18,000. Ningeanzia hapo ningeokoa fedha.

10 Agosti: ethanoli safi, na mchanganyiko

Ethanoli safi, mikromoli 100, chumba cha mm 1: uwiano umeshuka hadi ule wa mikromoli 10 ndani ya maji, na kilele kimesogea karibu na nm 655. Kusogea huko hakuhusiani na vishada. Ni kiyeyushi kinachobadili kidogo nishati ya molekuli pweke, na nimehakikisha kwa kuzimua: hakirudi. Bega ndilo linalozungumzia vishada.

Mfululizo wa mchanganyiko wa maji na ethanoli ulikuwa wa kupendeza. Asilimia 10 ya ethanoli inapunguza uwiano kidogo. Kufika asilimia 30 sehemu kubwa ya pacha imeachana. Kupita 50 hakuna kipya isipokuwa kilele kuendelea kusogea. Funika vyumba, kwa sababu ethanoli ikipaa unabaki na mchanganyiko mwingine.

Kwa nini? Sehemu kubwa ya molekuli hii ni pete tatu bapa zisizoyapenda maji. Zikilaliana, eneo linalogusana na maji linapungua, na maji yanabaki kushikana yenyewe kwa yenyewe. Chaji zao chanya zilipaswa kusukumana, ila maji yana uwezo mkubwa wa kuzizima: kigezo cha dielektriki ni kama 78 kwa maji na kama 24 kwa ethanoli. Ethanoli inazikosesha vyote viwili. Inazizunguka pete vizuri, na inauacha msukumano wa chaji ubaki na nguvu.

Usidhani hii ni kanuni ya kila rangi. Maabara ya Frank Würthner huko Würzburg imechunguza kwa upana rangi za perileni bisimidi, ambazo hukaa pwekepweke kwenye klorofomu na kujipanga safu kwenye viyeyushi vya jamii ya heksani. Kwao kiyeyushi "kibaya" ni cha mafuta. Uliza kwanza molekuli yako inachukia nini.

24 Agosti: chumvi, maji ya kisima, sabuni

Gramu 5.8 za chumvi ya mezani kwenye mililita 100, mikromoli 100 za rangi: pacha wameongezeka waziwazi, kwa sababu ayoni za chumvi zinakinga chaji zisisukumane. Hili lilieleza pia kwa nini mwenzangu aliyerudia kipimo kwa maji ya kisima, hapa Tanga ambako visima vingi vina chumvi, alipata uwiano wa juu kuliko wangu. Tumia maji ya betri.

Sabuni ya maji ya vyombo ndiyo jaribio la kuwaonyesha wanafunzi. Tone dogo lililozimuliwa sana: bluu inageuka zambarau, maana molekuli za sabuni zenye chaji hasi zinawakusanya wale wenye chaji chanya pamoja. Ongeza sabuni, na bluu safi inarudi. Sabuni ikizidi kiwango fulani (kwa sodiamu laurili salfeti ni kama milimoli 8 kwa lita) inaunda viputo vidogo vya molekuli zake, na kila molekuli ya rangi inapata kiputo chake. Chagua sabuni isiyo na rangi. Ya kijani itakurudisha kwenye mateso ya spiriti.

7 Septemba: mabega ya uongo

Mawili, yote yalifanana na vishada.

La kwanza ni GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Kilele karibu na nm 590, bega karibu na 545. Nilizimua kwa kanuni ileile, bega likabaki. Nikahamia ethanoli, likabaki. Basi sehemu kubwa ya bega hilo ni ya molekuli yenyewe, na kwa mradi huu GV haifai.

La pili ni chupa ya zamani ya methilini bluu ya kupakia slaidi, iliyotengenezwa kwa alkali. Kilele kilikuwa kimeelekea nm 650 ndani ya maji, na kuzimua hakukukirudisha. Methilini bluu ikikaa kwenye alkali hupoteza vikundi vya methili na kugeuka azua B. Kwa anayepima malaria huo si uharibifu, kwani azua B ndiyo kiungo kikuu cha Giemsa, rangi ya kupakia slaidi za damu, pamoja na eosini, rangi nyekundu. Kwa kipimo changu ni uchafu. Tumia unga.

Kwa kuwa nimeitaja Giemsa: fundi wa maabara anayeizimua kwa maji ya bafa (yanayoshikilia kiwango cha asidi), pH 7.2, anaambiwa aitumie siku hiyohiyo. Chupa mama ni methanoli na gliseroli, humo rangi zimetulia. Zikiingia kwenye maji, azua chanya na eosini hasi zinaanza kushikana na kutua kama vipunje juu ya slaidi, vinavyoweza kumchanganya msomaji wa vimelea. Si pacha wa aina moja kama wangu, lakini kiyeyushi kinafanya kazi ileile.

21 Septemba: gharama hadi sasa

Unga wa methilini bluu gramu 25, Sh 35,000 (utawatosha wajukuu). Ethanoli 18,000. Slaidi na vioo vyembamba 6,000. Maji ya betri lita 5, 6,000. Balbu 3,000. Sindano 3,000. DVD 1,000. Nyembe 500. Spiriti na mkaa vilivyopotea bure 7,500. Jumla Sh 80,000. Simu na kuveti nilikuwa navyo. Anayerudia bila spiriti ya duka na mkaa, na akagawana unga nusu kwa nusu na shule jirani, atatumia kama Sh 55,000.

5 Oktoba: udongo wa mbuga

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, una madini mengi ya smektiti yenye chaji hasi. Bergmann na O'Konski walionyesha mwaka 1963 kwamba methilini bluu hujikusanya juu ya madini ya jamii hii, na vishada vikubwa kuliko pacha hufyonza karibu na nm 570.

Chembe za udongo zinatawanya mwanga, kwa hiyo usomaji wa kwanza ulikuwa upuuzi mtupu: ufyonzaji mkubwa kila mahali. Nimebandika karatasi ya kunakilia ramani mara tu nyuma ya chumba, kwa sampuli na kwa kipimo tupu chenye udongo uleule bila rangi, ili mwanga uliotawanyika uchanganywe sawasawa kote kuwili. Mteremko umepungua, na sasa kuna kilima kipana kati ya nm 570 na 580. Sampuli niliyoiacha usiku kucha ilitua chini yote, kwa hiyo tikisa na upige picha ndani ya dakika. Kitakachofuata ni udongo wa mfinyanzi wenye kaolini, gramu kwa gramu dhidi ya huu mweusi.